Bunduki za Upepo Zenye Springi: Namna ya Kuzipima Kabla Chama Hakijatoa Fedha



Mtama unapotoa masuke na ulezi unapokaribia kukomaa, mkulima wa Turwa, wa Nyamwaga au wa Mugumu hujikuta na wavunaji wengi asiowaalika: shomoro, njiwa, kunguru na kweleakwelea. Nafaka ikishaingia ghalani, panya nao huifuata huko huko. Katika hali hiyo si ajabu mwanachama kusimama mkutanoni na kutoa shauri kwamba chama kinunue bunduki ya upepo. Hoja zake huwa tatu: kwamba haitumii baruti, kwamba haina kishindo kikubwa, na kwamba virisasi vyake ni vya bei nafuu.

Hoja hizo zina ukweli, lakini hazitoshi kuwa sababu ya kutoa fedha za wanachama. Kamati yapaswa kujua kwanza chombo chenyewe kinafanyaje kazi, kipi ni bora na kipi ni duni, kinahitaji matunzo gani, na zaidi ya yote, kinafaa kwa kazi ipi. Makala haya yanakusudia kueleza mambo hayo kwa utaratibu, ili Katibu atakapoulizwa awe na jibu lililo wazi.

1. JINSI INAVYOFANYA KAZI

Kila mwenye baiskeli anaijua pampu yake. Ndani ya bomba la pampu mna fimbo yenye kipande cha ngozi mwishoni, na fimbo ikisukumwa, ngozi ile huishindilia hewa na kuitoa kwa nguvu. Bunduki ya upepo yenye springi ni pampu ya namna hiyo hiyo, isipokuwa kazi ya mkono hufanywa na springi nene ya chuma, na hewa yote hutolewa kwa mara moja.

Mtumiaji anapoikoki bunduki, huvuta wenzo unaorudisha pistoni nyuma na kuibana springi. Pistoni hunaswa hapo na ndoana ya kifyatulio. Kisha kirisasi kimoja hutiwa katika tundu la mtutu. Kifyatulio kikivutwa, ndoana huachia, springi huirusha pistoni mbele, hewa iliyo katika silinda hushindiliwa ndani ya nafasi ndogo mno, na hewa hiyo ndiyo inayokisukuma kirisasi nje. Hakuna mtungi wa gesi wala betri, na hakuna kitu cha kujaza isipokuwa kirisasi. Hii ndiyo sababu bunduki za namna hii zimedumu kwa zaidi ya miaka mia moja. Kiwanda cha BSA cha Birmingham, Uingereza, kilianza kutengeneza bunduki za Lincoln Jeffries tangu mwaka 1905, na mpango wake wa msingi haukubadilika sana hata leo.

Virisasi hutengenezwa kwa madini ya risasi, na aghalabu huwa na kiuno chembamba na sehemu ya nyuma iliyo wazi kama sketi. Vipimo viwili ndivyo vilivyoenea: milimita 4.5 na milimita 5.5. Kirisasi cha kawaida cha kwanza kina uzito wa karibu nusu gramu. Cha pili hukaribia gramu moja. Kile kidogo huenda kwa kasi zaidi, hushuka kidogo zaidi njiani, na huwa rahisi kulenga. Kile kikubwa huenda polepole, lakini hupiga kwa uzito zaidi. Virisasi vya kipimo kimoja haviwezi kutumika katika mtutu wa kipimo kingine, kwa hiyo anayenunua hana budi kusoma namba iliyochongwa juu ya mtutu.

2. AINA TATU ZA KUKOKI

Bunduki hizi hugawanyika kwa namna zinavyokokiwa. Tofauti hii si ya sura tu. Inagusa ulengaji, uzito na matunzo.

(a) Ya kukunja mtutu. Mtutu wenyewe ndio wenzo: hukunjwa chini kutoka kwenye bawaba, springi ikajibana, kirisasi kikatiwa, kisha mtutu ukarudishwa. Mifano yake inayojulikana ni Diana 27 na Weihrauch HW35, zote kutoka Ujerumani. Aina hii ni nyepesi kuliko nyingine, ina vipande vichache, na hutiwa kirisasi kwa urahisi. Udhaifu wake uko kwenye bawaba. Ikilegea, mtutu haurudi mahali pale pale kila mara, na shabaha hupotea. HW35 imewekewa kitasa kinachofunga mtutu, na mtumiaji hukifungua kwa kidole kabla ya kuukunja.

(b) Ya wenzo wa chini. Mtutu umekazwa na hautikisiki. Wenzo uko chini yake. Mfano ni Weihrauch HW77. Kwa kuwa mtutu hausogei, ulengaji huwa wa kudumu. Lakini bunduki huwa nzito, karibu kilo 4, na mtumiaji hutia kirisasi kidole chake kikiwa karibu na silinda inayoteleza. Zipo pia za zamani, kama BSA Airsporter, ambazo kirisasi hutiwa katika bilula ndogo inayozungushwa. Bilula hiyo ikilika kwa miaka mingi, huvujisha hewa au hukosa kulingana sawasawa na mtutu.

(c) Ya wenzo wa pembeni. Hapa wenzo uko ubavuni, kama katika Diana 48 na Diana 52. Sifa zake zinafanana na za aina ya pili: mtutu uliokazwa, nguvu nyingi, na uzito wa karibu kilo 4. Kwa kuwa uzito wa wenzo umekaa upande mmoja, mtu asiyezoea huona bunduki ikimwinamia.

Ziko siku hizi pia bunduki ambazo badala ya springi zina silinda ya gesi iliyofungwa, na nyingine zinazojazwa hewa iliyoshindiliwa kwa pampu ya nguvu nyingi. Hizo za mwisho hulenga vizuri sana, lakini pampu zake, mita zake na raba zake ni mzigo kwa chama kilicho mbali na fundi. Ndiyo maana makala haya yanashughulika na za springi peke yake.

3. ULENGAJI

Watu wengi hudhani kwamba bunduki yenye kasi kubwa ndiyo inayolenga vizuri. Hivyo sivyo. Kasi ni jambo moja, na kupiga mahali pamoja mara kwa mara ni jambo jingine. Bunduki ya wastani inayorudia kupiga pale pale ina thamani kuliko yenye nguvu inayotawanya.

Yafaa ieleweke kwamba bunduki ya springi ina tabia yake ya pekee. Springi ikifyatuka kwenda mbele, bunduki husukumwa nyuma. Kisha pistoni inapofika mwisho wa silinda, bunduki huvutwa mbele. Mishtuko hiyo miwili hutokea upesi sana, na sehemu kubwa ya mtikisiko huo hutokea kirisasi kingali ndani ya mtutu. Kwa hiyo namna mtu anavyoishika bunduki hubadilisha mahali kirisasi kinapokwenda. Anayeikaza kwa nguvu leo na kuishika kwa ulegevu kesho atapata matokeo mawili tofauti kwa bunduki ile ile. Njia iliyo sahihi ni kuilaza juu ya kiganja kilicho wazi, bila kuibana, na kufanya vivyo hivyo kila mara. Kadhalika, mtutu usiegemezwe moja kwa moja juu ya jiwe, gogo au dirisha, kwani kitu kigumu huurusha mtutu juu.

Mishtuko hiyo miwili ina athari nyingine. Darubini iliyotengenezwa kwa ajili ya bunduki za baruti imeandaliwa kustahimili mshtuko wa kurudi nyuma tu. Ikifungwa juu ya bunduki ya springi huweza kuharibika kwa muda mfupi. Anayetaka darubini aulize ile iliyotengenezwa mahsusi kwa springi. Kwa matumizi ya kawaida, kilengeo cha chuma cha mbele na cha nyuma chatosha, na hakina kioo cha kupasuka.

Jaribio la kupima. Kamati isikubali maneno ya muuzaji bila jaribio. Mahali paliporuhusiwa, penye kingo ya udongo nyuma, pawekwe karatasi umbali wa mita 20. Mtu mmoja aliyezoea aketi, alenge alama moja, na kupiga mara 5 bila kubadili mshiko. Kisha upimwe umbali kati ya matundu mawili yaliyo mbali zaidi, kutoka kati ya tundu hadi kati ya tundu jingine. Bunduki nzuri yenye virisasi vinavyoifaa itaweka matundu yote ndani ya sentimita 2 au 3. Ikitawanya kwa sentimita 6 na zaidi, iwe na kasoro au virisasi haviifai. Jaribio lirudiwe kwa virisasi vya aina nyingine, kwani mtutu mmoja hupenda aina moja na kuikataa nyingine, hata kama kipimo ni kimoja. Ikiwa matundu yamekusanyika lakini yako pembeni ya alama, hilo si kosa la bunduki; kilengeo chaweza kurekebishwa.

Umbali nao una mpaka wake. Kirisasi cha milimita 5.5 kinachotoka kwa kasi ya mita 170 kwa sekunde hushuka kama sentimita 7 kinapofika mita 20. Kikifika mita 40 kimekwisha kushuka zaidi ya sentimita 30. Mtu akikosea kukadiria umbali kwa hatua chache tu, atakosa kabisa au, vibaya zaidi, atajeruhi mnyama bila kumwua. Kwa sababu hiyo mtumiaji wa kawaida asivuke mita 25.

4. UBORA WA UTENGENEZAJI

Mnunuzi asiye fundi anaweza kutambua mengi kwa macho na mikono yake. Aangalie mambo yafuatayo:

Kwanza, bawaba na kifungio. Kwa bunduki ya kukunja mtutu, ashike kitako kwa mkono mmoja na ncha ya mtutu kwa mwingine, bunduki ikiwa haijakokiwa, kisha atikise kushoto na kulia. Ikicheza, asinunue.

Pili, ndani ya mtutu. Kukiwa na hakika kwamba hamna kirisasi, mtutu ukunjwe na kutazamwa kuelekea mwanga. Mifereji inayozunguka iwe wazi na laini kutoka mwanzo hadi mwisho. Mifereji hiyo ndiyo inayokizungusha kirisasi kisipepesuke hewani. Mtutu usio na mifereji haufai kwa kulenga.

Tatu, kifyatulio. Kivutike kwa ulaini na kuachia mahali pale pale kila mara. Kifyatulio cha Rekord kinachotumika katika bunduki nyingi za Weihrauch, na kile cha gololi cha Diana 27, vinasifiwa kwa sababu hiyo. Kifyatulio kizito cha kuvutwa kwa nguvu huiondoa bunduki kwenye shabaha hata kama mtutu ni mzuri.

Nne, kizuizi cha usalama. Bunduki bora za wenzo wa chini na wa pembeni zina meno yanayozuia silinda isirudi ghafula wakati kidole kingali ndani. Bunduki isiyo na kizuizi hicho huweza kukata kidole. Hata ikiwa nacho, wenzo ushikwe kwa mkono mpaka kirisasi kimetiwa na kidole kimetoka.

Tano, vipuri. Hili ndilo swali linalosahauliwa mara nyingi. Bunduki ya kiwanda cha zamani kama Weihrauch, kilichoanzishwa mwaka 1899, au Diana, ambacho chanzo chake ni mwaka 1890, huagiziwa springi na sili kwa namba, kwa kuwa aina zake zimetengenezwa kwa miaka mingi bila kubadilishwa ovyo. Bunduki ya bei ya chini isiyo na jina wala namba huweza kupiga vizuri mwaka wa kwanza, lakini sili ikikatika, chombo chote huwa chuma chakavu. Bei ya kununulia isihesabiwe peke yake; ihesabiwe pamoja na bei ya kukidumisha chombo kwa miaka kumi.

5. MATUNZO

Sifa kubwa ya bunduki ya springi ni uchache wa matunzo. Lakini uchache si ukosefu. Haya ndiyo ya lazima:

(i) Isifyatuliwe bila kirisasi. Kirisasi ndicho kinachoipunguza kasi pistoni kwa kuizuilia hewa mbele yake. Pasipokuwa na kirisasi, pistoni hugonga mwisho wa silinda kama nyundo, ikavunja sili na kuidhoofisha springi.

(ii) Isiachwe imekokiwa. Springi iliyobanwa kwa saa nyingi huchoka na kufupika. Tena bunduki iliyokokiwa na kuegemezwa ukutani ni ajali inayongoja mtoto.

(iii) Mafuta yawe kidogo. Hapa ndipo wengi huharibu kwa nia njema. Mafuta ya mashine yakimiminwa katika silinda, hewa iliyoshindiliwa huwa moto kiasi cha kuyawasha, kama ilivyo katika injini ya dizeli. Hutokea mlipuko, moshi na kishindo. Mpigaji akadhani bunduki imeongezeka nguvu, kumbe sili inaungua na springi inavunjika. Bunduki za zamani zenye sili ya ngozi huhitaji matone machache ya mafuta yanayofaa mara moja kwa muda mrefu ili ngozi isikauke. Zenye sili ya plastiki huhitaji machache zaidi, na nyingi hazihitaji kabisa. Bawaba na viungo vya wenzo hupakwa grisi kidogo.

(iv) Ifutwe kila inaposhikwa. Jasho la mikono na unyevu wa masika katika milima ya Tarime huleta kutu upesi. Kitambaa chenye mafuta kidogo, kikipitishwa juu ya chuma chote, chatosha. Isihifadhiwe ndani ya mfuko wa ngozi au wa nguo, kwani mfuko hushika unyevu.

(v) Skrubu zikazwe. Mtikisiko wa springi hulegeza skrubu za kitako. Shabaha ikianza kupotea ghafula, kabla ya kulaumu mtutu kazeni skrubu.

(vi) Kupima uvujaji. Kwa bunduki ya kukunja mtutu, kipande chembamba cha karatasi laini hubandikwa juu ya kiungo cha mtutu na silinda, kisha bunduki, ikiwa na kirisasi, hufyatuliwa kuelekea kwenye kingo ya udongo. Karatasi ikiruka, hewa inavuja na kipete cha kiungo kibadilishwe. Kazi hii ni ndogo.

Kubadilisha springi ni kazi nyingine kabisa. Hata bunduki isipokokiwa, springi iliyo ndani huwa imebanwa. Katika bunduki nyingi za Weihrauch mwisho wa silinda hufunguliwa kwa kuzungushwa kwenye nyuzi zake, jambo linalompa fundi nafasi ya kuilegeza springi polepole. Katika nyingi za Diana mwisho huo hushikiliwa na pini, na pini zikitolewa pasipo kubana silinda katika jiliwa au chombo cha kubania, springi huruka na kuweza kumvunja mtu uso. Kwa sababu hiyo, kwa urahisi wa matunzo aina ya nyuzi ina nafuu. Kazi hiyo, hata hivyo, ifanywe na fundi anayeijua na aliyeruhusiwa. Haifai kufanywa na mlinzi wa ghala.

Tukijumlisha: kwa wepesi na matunzo, ya kukunja mtutu iliyotengenezwa vizuri hushinda, kwa ulengaji wa kudumu, za mtutu uliokazwa hushinda, na kwa ubora, jambo la kuangaliwa ni kiwanda, kifyatulio na upatikanaji wa vipuri kuliko aina ya wenzo.

6. KAZI INAYOFAA NA ISIYOFAA

Sasa tufike kwenye swali ambalo kamati ilipaswa kujiuliza kwanza: je, chombo hiki kitaokoa mazao?

Tuanze na kweleakwelea. Ndege huyu ana uzito wa gramu 20 hivi, na hula karibu gramu 10 za nafaka kwa siku. Husafiri kwa makundi makubwa mno, mengine yenye ndege kwa mamilioni. Tuchukue kundi dogo la ndege 100,000. Kundi hilo hula kilo 1,000 kwa siku, yaani magunia 10 ya kilo 100. Mpigaji hodari, akipiga kila nusu dakika kwa muda wa saa 6 bila kupumzika na bila kukosa hata mara moja, ataua ndege 720. Hao wangekula kilo 7 na robo hivi. Kilo 992 zilizobaki zitaliwa mbele ya macho yake. Kazi ya kweleakwelea ni ya Serikali kwa dawa za kunyunyizwa kutoka angani, pamoja na msaada wa Shirika la Kudhibiti Nzige wa Jangwani la Afrika Mashariki lililoundwa mwaka 1962. Kazi ya chama ni kutoa taarifa mapema kwa afisa kilimo, mara viota au malalo ya ndege yanapoonekana, na kuwaonya wanachama wasile ndege waliokufa kwa dawa.

Kwa ndege wachache wa kila siku, mlinzi mtu mzima aliye juu ya dungu, mwenye teo na debe la kupiga, analinda eneo kubwa kuliko mpigaji mmoja. Ndege huogopa mwendo na kelele, na bunduki ya upepo haina kelele ya kutosha kuwafukuza.

Tufike ghalani. Hapa hatari ni kubwa kuliko faida. Kirisasi kinachomkosa panya huingia ndani ya gunia. Gunia hilo likienda mashineni, kirisasi husagwa pamoja na mahindi na kuwa unga. Madini ya risasi ni sumu inayodhuru ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani limeeleza wazi kwamba hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama. Katika kahawa au pamba, kipande cha chuma ndani ya gunia ni aibu kwa jina la chama sokoni. Isitoshe, kirisasi hutoboa bati, na tundu la bati ni mvua juu ya magunia. Kwa hiyo bunduki ya upepo isifyatuliwe kamwe ndani ya ghala lenye mazao.

Panya hushindwa kwa njia za kale zilizo bora: magunia yapangwe juu ya chaga, mbali na ukuta, ili mtu apite pande zote, nafasi chini ya milango ifungwe kwa bati, nyasi na takataka zifyekwe kuzunguka jengo, na mitego itegwe kando ya kuta. Tena wanachama wamwache bundi. Wako wanaomwona kuwa ni ndege wa nuksi, lakini chakula chake ni panya, naye hufanya zamu ya usiku bila mshahara.

Basi kazi inayobaki kwa bunduki ya upepo ni ndogo: mazoezi ya shabaha mahali paliporuhusiwa, na kumwondoa mnyama mharibifu mmoja mmoja kwa karibu, nje ya ghala, pale sheria inaporuhusu. Mazoezi hayo yana heshima yake. Mchezo wa kupiga shabaha ya mita 10 kwa bunduki ya upepo umo katika Michezo ya Olimpiki tangu Los Angeles mwaka 1984.

7. SHERIA NA USALAMA

Neno "upepo" lisimdanganye mtu. Nchi mbalimbali hupima bunduki hizi kwa nguvu zake. Uingereza iliweka mpaka wa jouli 16 hivi kwa bunduki ya upepo isiyohitaji cheti cha silaha za moto, na Ujerumani jouli 7.5 kwa zile zinazouzwa kwa watu wazima bila kibali. Scotland ilikwenda mbali zaidi: tangu mwisho wa mwaka 2016 kila mwenye bunduki ya upepo ya kawaida lazima awe na leseni. Kirisasi kimoja chaweza kupofusha jicho papo hapo, na virisasi vimekwisha kuua watu, hasa watoto.

Nchini kwetu mambo ya silaha yanaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Chama kisikubali neno la muuzaji kwamba "hii si silaha". Kabla ya kulipa hata shilingi moja, Katibu aende kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya, aeleze aina, kipimo na nguvu ya bunduki inayokusudiwa, na kupata jibu kwa maandishi. Mtu asithubutu kuivusha kutoka upande wa pili wa mpaka wa Sirari kwa kuona bei ni nafuu. Kuingiza chombo cha namna hiyo bila kibali ni kujitafutia kesi.

Jambo jingine linatuhusu sisi kuliko wilaya nyingi. Tunapakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyotangazwa mwaka 1951, na mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti. Sheria ya Hifadhi za Taifa inakataza kuwa na silaha ndani ya hifadhi bila ruhusa, na watu wamekwisha kushtakiwa humo kwa panga na waya za kutegea. Mwenye bunduki ya upepo hatapona kwa kusema kwamba alikuwa akifuata njiwa. Tena Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inawalinda wanyama na ndege wengi hata nje ya hifadhi. Tumbili, nyani au tembo wakiharibu shamba, taarifa ipelekwe kwa afisa wanyamapori wa wilaya. Tumbili aliyepigwa kirisasi aghalabu hafi. Huenda akiwa na jeraha, naye ni mateso bila faida.

8. MASWALI YA KAMATI

Shauri la kununua likiletwa, Mwenyekiti aombe majibu ya maswali haya yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano:

1. Ni mnyama gani hasa anayeleta hasara, na hasara hiyo ni magunia mangapi kwa msimu?
2. Je, chaga, mitego, ufyekaji na walinzi wa dungu vimekwisha kujaribiwa kwa ukamilifu?
3. Polisi na afisa wanyamapori wamejibu nini kwa maandishi?
4. Nani atakayeitumia, nani ataifungia, na ufunguo utakaa kwa nani?
5. Bunduki imejaribiwa kwa mita 20, na matundu 5 yamekusanyika kwa kiasi gani?
6. Springi, sili na kipete vinapatikana wapi na kwa bei gani?

Chama kitakachojibu maswali haya kwa haki huenda kikaona kwamba bei ya bunduki moja njema yatosha kununua mbao za chaga, mitego na bati la chini ya milango ya ghala zima. Ikiwa hivyo ndivyo, fedha ziende huko. Na ikiwa baada ya kupima yote chama kingali na haja ya kweli na ruhusa kamili, basi kinunue chombo kimoja kilicho bora, chenye mtutu imara, kifyatulio laini na vipuri vinavyopatikana. Kipewe mtu mmoja mwenye dhamana, na kifungiwe kikiwa hakina kirisasi wala hakijakokiwa, virisasi vikiwa katika kabati jingine lenye kufuli.